Umaskini wa mtoto ni nini, na unamfuataje mwanafunzi hadi darasani?

Ukitaja umaskini wa mtoto kijijini Tandahimba, mkoani Mtwara, au Ruangwa, mkoani Lindi, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba mtoto hana umaskini wake. Huo ni wa baba na mama. Kwa upande wa fedha jibu hilo ni sahihi. Mwanafunzi wa darasa la tatu hana mikorosho, wala jina lake halipo kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika. Lakini hata ukijua nyumba ina shilingi ngapi, bado hujajua mtoto wa nyumba hiyo anaishije. Ndiyo maana dhana hii ikatengwa peke yake.

Kwa maelezo ya kawaida, umaskini wa mtoto ni hali ya mtu aliye chini ya miaka 18 (umri unaotajwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009) kukosa mambo ya lazima ili akue, awe na afya na ajifunze. Wanaoupima huangalia lishe, afya, elimu, maji, choo, nyumba, ulinzi na kupata habari. Fedha ni njia mojawapo ya kuyapata hayo, tena si yote. Kijiji kikiwa hakina zahanati, mwenye hela na asiye na hela wote wanabeba mgonjwa kwa bodaboda.

Takwimu zinaonyesha pengo hilo vizuri. Uchambuzi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu na UNICEF uliotolewa mwaka 2016, kwa data za 2012/13, ulikuta asilimia 29 ya watoto wa Tanzania Bara wanaishi kwenye kaya zilizo maskini kwa kipato. Walipohesabiwa watoto wanaokosa mambo matatu au zaidi kwa wakati mmoja, wakafika asilimia 74. Maana yake kuna mamilioni ya watoto ambao baba zao hawamo kwenye hesabu ya maskini, wao wamo.

Mstari wa umaskini wenyewe, kwa utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama shilingi 1,640 kwa siku, na asilimia 26.4 ya wananchi walikuwa chini yake. Kwenye hesabu hiyo mtoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima, kwa kuwa anakula kidogo, kisha matumizi ya nyumba yanagawanywa kana kwamba kila mmoja amepata fungu lake. Kama kweli amelipata, hesabu haiwezi kukuambia. Haikuambii pia amelipata mwezi gani, na kwa mikoa ya Mtwara na Lindi hapo ndipo penye mambo.

Huku kwetu fedha ina msimu. Korosho zinaokotwa kuanzia kama Septemba hadi Desemba, zinapelekwa chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinapigwa mnada, halafu mkulima anasubiri malipo. Ufuta na mbaazi huja katikati ya mwaka. Mahindi yanavunwa mvua zikielekea kuisha. Kwa hiyo Januari hadi Machi ghala la ndani ni tupu, shamba linataka palizi, na hela ya korosho, kama ililipwa, imeshalipa madeni ya mwaka uliopita. Ukiyachukua mapato ya mkulima huyo ukayagawa kwa miezi 12 utaona nyumba inayojikimu. Lakini mtoto wake hawezi kula wastani. Anakula Februari kile kilichopo Februari.

Na shule zinafunguliwa Januari. Malipo yakija kwa wakati, mzazi ananunua sare, viatu na madaftari, na mtoto anaingia darasani kifua mbele. Yakichelewa, kila kitu kinasogea. Msimu wa 2018/19 wengi wanaukumbuka: wafanyabiashara walitoa bei ndogo, wakulima wakakataa kuuza, serikali ikaamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kisha ukaja uhakiki wa wakulima, na wapo waliolipwa shule zikiwa zimefunguliwa zamani. Kwenye karatasi kaya hizo zilikuwa na mali. Ilikuwa ghalani.

Hapo katikati ndipo kangomba inapopata nafasi. Huyu ni mnunuzi wa nje ya mfumo anayekuja na noti mkononi mkulima akiwa na shida: mgonjwa yuko wodini, au mtoto amefaulu kwenda sekondari na hana godoro. Anachukua korosho kwa bei ya kutupa, wakati mwingine zikiwa bado maua mtini. Serikali imekataza, viongozi wanakemea kila msimu, na bado ipo. Mimi simtetei kangomba, ila kumgombeza mzazi aliyemuuzia ni kazi rahisi. Mzazi huyo anajua bei ya mnada kuliko anayemkemea. Asichokuwa nacho ni miezi minne ya kusubiri. Msimu ukifika, korosho zake zinapelekwa na mtu mwingine, na mwaka unaofuata mtoto anaanza shule nyumba ikiwa chini zaidi ya ilivyokuwa.

Sasa tuingie darasani. Chukua mwanafunzi wa darasa la nne juu ya uwanda wa Makonde, tuseme Newala, mwezi wa pili. Huko juu maji yamekuwa tabu miaka yote, kwa hiyo bomba lisipotoa, saa kumi na moja alfajiri yuko njiani na ndoo. Akirudi anakunywa chai ya rangi, anakwenda shule. Saa nne wenye mia mbili wanamzunguka mama wa mihogo na maandazi. Yeye anakwenda kunywa maji, kisha anakaa upande wa pili wa jengo mpaka kengele ilie. Saa tano ni Hisabati. Ubaoni kuna 64, yeye ameandika 46. Anajua kujumlisha, jibu lake ni sahihi kwa namba aliyoiandika, na amepata mkasi, alama ya kukosa.

Liangalie na daftari lake. Mbele ni Hisabati, ukiligeuza nyuma ni Sayansi, mwandiko umebanwa ili karatasi zisiishe. Mwalimu akikusanya madaftari ya Hisabati kusahihisha, mtoto huyu anabaki hana Sayansi ya kusoma jioni. Kesho akiulizwa swali la Sayansi anaonekana mvivu. Hakuna utafiti wa kaya utakaouliza kuhusu daftari hilo, ila mwalimu yeyote wa shule ya kijijini analijua.

Njaa ya asubuhi inapunguza umakini na kumbukumbu ya muda mfupi, na hiyo ndiyo inayotumika kunakili namba kutoka ubaoni. Njaa ya muda mrefu ina kazi nyingine, na nyingi imeshafanyika kabla mtoto hajajua kushika kalamu. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kudumaa si ufupi tu; lishe duni ya miaka miwili ya mwanzo inagusa ukuaji wa ubongo pia. Ongeza upungufu wa damu unaoletwa na chakula kisicho na madini ya chuma, minyoo na malaria. Katika utafiti huohuo Mtwara ilikuwa kati ya mikoa yenye malaria nyingi zaidi, karibu mtoto mmoja kati ya watano wa umri huo akiwa na vimelea. Mwenye umri wa shule akiugua, siku tatu au nne hayupo, na akirudi wenzake wameshahamia kwenye hesabu za sehemu, yeye bado yuko kwenye kugawanya.

Kuna hali moja inayoonyesha jinsi mambo haya yanavyoshikana. Siku ya kugawa dawa za kichocho shuleni, mwanafunzi anatakiwa awe amekula, la sivyo anaweza kupata kizunguzungu na kutapika. Tiba ni ya bure, imefikishwa mpaka mlangoni, na bado anayeihitaji zaidi ndiye ambaye haijamkalia vizuri tumboni.

Ustawi wa mwanafunzi hauishii mwilini. Aibu ni sehemu ya umaskini wa mtoto, na watoto wanaijua mapema kuliko tunavyodhani. Shati lililochanika mgongoni linamfanya akae dawati la nyuma. Aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango anajifunza kutonyoosha mkono, asionekane. Akisinzia anaambiwa ana utovu wa nidhamu. Kanuni za viboko zinasema visizidi vinne na vitolewe kwa idhini ya mwalimu mkuu, lakini hata vikiwa vinne, kumchapa mwenye njaa kwa kusinzia hakumpi usingizi wala chakula. Baada ya muda anaanza kukosa siku moja moja. Rejista inamwita mtoro.

Watu watauliza: si elimu ni bure? Ada na michango ya lazima ilifutwa kwa waraka wa mwaka 2015, utekelezaji ukaanza Januari 2016, na ilikuwa hatua kubwa. Waliokuwa wamebaki nyumbani wakaja kwa wingi. Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji, ambayo kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kilichofutwa ni gharama ya kuingia getini. Sare, viatu, madaftari, taa ya kusomea na chakula vimebaki kwa mzazi, na kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote: kazi ya mtoto. Oktoba mikono midogo inahitajika chini ya mikorosho. Mahindi yakikaribia kukomaa kuna kulinda shamba dhidi ya ngedere na nguruwe pori, na familia nyingine huhamia kabisa shambani na watoto wao.

Sekondari tabu inabadilika sura. Shule ya kata ikiwa mbali na bweni hakuna, mtoto wa miaka 14 anapangiwa chumba, geto kama wanavyoliita, anajipikia, anajilinda. Kwa msichana hatari yake haihitaji kuelezwa. Anayempa elfu mbili ya sabuni mara nyingi si mwanafunzi mwenzake. Akipata mimba, tangu waraka wa Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua. Ila ruhusa haimlei mtoto mchanga. Inategemea kama bibi ana nguvu ya kubaki naye.

Unyago hulaumiwa sana katika mazungumzo haya, hasa na wageni wanaokuja Kusini. Sikatai kwamba kuna mafundisho yanayotolewa kwa mabinti kabla ya umri, wala kwamba kuna nyumba inayopata hela ya ngoma ikakosa ya viatu vya shule. Lakini binti wa mwalimu na binti wa mkulima wanachezwa unyago uleule, na mmoja wao huendelea kidato cha tano. Tofauti yao iko kwenye kile kinachowasubiri nyumbani ngoma ikiisha.

Mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umejaribu kuunganisha ruzuku na shule: sehemu ya fedha hutolewa kwa sharti la mtoto kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Unasaidia, na bibi wengi wanaolea wajukuu wangekwama bila huo. Udhaifu wake ni kwamba sharti linapima mtoto kufika shuleni. Yule wa Newala wa 46 na 64 amefika siku zote.

Kinachomgusa moja kwa moja ni uji wa saa nne, au makande saa saba. Miongozo ya chakula shuleni ipo, na utekelezaji unategemea wazazi kukubaliana kuchangia. Vikao vingi vya michango huitwa shule zikifunguliwa Januari, wakati debe la mahindi ni mali ya kufichwa. Debe hilohilo mwezi wa sita linatolewa bila maneno mengi, na kwenye korosho makato ya usafirishaji, ghala na ushirika tayari yapo. Shilingi chache za uji kwa kilo wazazi wanaweza kuzijadili kwenye mkutano wa chama, kabla mnada haujaanza. Mwalimu mkuu anayetaka kujua akiitishe lini kikao chake ana jibu kabatini: achukue rejista za miaka mitatu, ahesabu waliokosekana kwa kila mwezi, aziweke safu hizo kando ya kalenda ya kilimo ya kijiji.