Je, Wajua kwa Nini Albamu Mpya Huwagawa Mashabiki Walewale?

Mtu angedhani kwamba mashabiki wa kundi moja, waliopenda albamu zilezile kwa miaka, wataipokea albamu mpya kwa moyo mmoja. Haiwi. Ikitoka usiku, asubuhi yake barazani wapo wanaosema hii ndiyo kazi yao bora kuliko zote, na wapo wanaosema jamaa wamekwisha. Wote wanalipenda kundi na wote wamesikiliza nyimbo zilezile. Basi ugomvi unatoka wapi?

Daft Punk ni mfano mzuri kuliko yote ninayoijua. Hawa walikuwa Wafaransa wawili, Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, walioanza kundi lao Paris mwaka 1993 na baadaye wakawa hawaonekani hadharani ila ndani ya helmeti za roboti. Albamu yao ya kwanza, Homework ya 1997, ilikuwa muziki wa klabu mkavu: ngoma nzito ya mashine, besi, na kipande kifupi kinachorudiwa mpaka kikuingie mwilini. Mwaka 2001 wakaja na Discovery, na ghafla zikawepo nyimbo za kuimbika, magitaa ya kumeremeta na sauti za watu zilizopitishwa kwenye mashine zikatoka kama za roboti. Baadhi ya waliozoea ule ukavu wakaona wameuziwa pop. Pitchfork, jarida la muziki la Marekani, liliipa alama 6.4 kati ya 10. Miaka 20 baadaye, mwaka 2021, jarida hilohilo likazipitia upya alama zake za zamani na kusema kwamba sasa lingeipa 10. Na albamu ni ileile, haikubadilika hata noti moja.

Human After All ya 2005 ilipata tabu zaidi. Waliirekodi kwa muda wa wiki sita hivi, ikawa kali na ya kujirudia, na wengi wakaiita kazi ya uvivu. Kisha mwaka 2006 na 2007 wakapanda jukwaani ndani ya piramidi ya taa, wakazichanganya nyimbo zile na za zamani, hii ikapanda juu ya ile. Watu waliozikataa nyumbani wakazichezea uwanjani. Albamu iliyorekodiwa katika ziara hiyo, Alive 2007, ilishinda tuzo ya Grammy mwaka 2009 kwenye kipengele cha muziki wa kielektroniki.

Halafu ikaja Random Access Memories, Mei 2013. Hapo mashine ziliwekwa kando karibu zote. Ngoma zilipigwa na watu, Omar Hakim na John Robinson, gitaa likashikwa na Nile Rodgers, Pharrell Williams akaimba, na mzee Giorgio Moroder, mtayarishaji wa muziki wa disko, akasimulia maisha yake juu ya muziki. Hata sisi wa Unguja wimbo wao Get Lucky ulitufika. Januari 2014 kazi hiyo ikatwaa Grammy ya albamu ya mwaka, tuzo kubwa kuliko zote za usiku ule. Lakini wapo mashabiki wa siku nyingi waliolalamika kwamba walikuwa wakingoja roboti, wakaletewa disko la miaka ya 1970.

Ninavyoliona mimi, watu hawa hawakuwahi kupenda kitu kimoja. Waliopenda Homework kwa sababu ya ngoma ya mashine, na waliopenda Discovery kwa sababu ya sauti tamu na furaha yake, walikuwa wakiimba pamoja kwa miaka bila kujua kwamba kila mmoja ameshika kwake. Albamu ilipotoka ikiwa na utamu lakini haina mashine, ndipo ikajulikana nani alikuwa ameshika nini.

Sisi huku hatuna haja ya kwenda Paris kulielewa hilo. Taarab imetupitisha humo mara kadhaa. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wapiga muziki kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza ganuni, ala ya nyuzi nyingi. Muziki huo ulikuwa wa kasri na uliimbwa Kiarabu. Ikhwani Safaa, chama cha muziki kilichoanzishwa 1905, kiliutoa kasrini ukawa wa chama. Kisha Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeingia mjini akiwa maskini, akaiimba taarab kwa Kiswahili, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikazagaa pwani nzima. Leo tunamwita mama wa taarab. Wakati wake walikuwepo wa kumbeza, na hilo halikumzuia.

Kundi la Siti lilikuwa dogo, watu wachache na ala chache. Baadaye redio, sahani na filamu za Misri zikaleta mtindo mwingine: okestra kubwa, fidla kwa safu, selo, besi, akodioni, nai. Ndiyo sauti ambayo wengi wetu tukisema "taarab asilia" tunaikusudia, sauti ya Ikhwani Safaa na ya Culture Musical Club pale Vuga. Ukihesabu miaka, asilia hiyo nayo ilikuwa mpya kwa masikio yaliyomzoea Siti. Napenda watu walikumbuke hili zaidi kuliko wanavyolikumbuka, maana husemwa kana kwamba fidla zile ziliota hapa pamoja na mikarafuu.

Miaka ya 1990 kikaingia kinanda cha umeme kwa nguvu. East African Melody na makundi yaliyofuata yakaonyesha kwamba kinanda, gitaa la besi na spika kubwa zinatosha kujaza ukumbi wa harusi, bila ya safu ya fidla. Maneno nayo yakawa makali, mipasho ikatamkwa wazi badala ya kufichwa ndani ya fumbo. Wakati wa asilia msikilizaji alikaa kwenye kiti, akainuka tu kwenda kumtunza mwimbaji pale ubeti ulipomgusa. Kwenye rusha roho, kama taarab hiyo mpya ilivyoitwa, watu wakasimama na kucheza. Wazee wakasema hiyo si taarab.

Wasikilize vizuri hao waliokataa na hao waliokubali. Aliyeshika taarab kwa fidla na ganuni hakuweza kuvumilia kinanda, hata mashairi yawe mazuri vipi. Aliyeishika kwa mashairi aliweza kukivumilia kinanda mpaka siku fumbo lilipovuliwa nguo. Na aliyeishika kwa sababu ya harusi, shoga zake na ujumbe wa kumfikia jirani, huyo hakupoteza chochote, bali aliongezewa spika. Watu watatu wa mtaa mmoja wa Ng'ambo, na kila mmoja anasema kweli.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini sikio halifuati methali hiyo, na wanasayansi wana maelezo yake. Ubongo haukai kuungoja muziki ufike, huutangulia. Kila noti ikipigwa, ubongo hukisia ijayo kwa kutumia nyimbo zote ulizokwisha kuhifadhi. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, wakiwemo Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, walionyesha kwamba dopamini, kemikali ya raha, hutoka ubongoni pale wimbo unapofika kileleni, na hutoka pia muda mfupi kabla, wakati msikilizaji anakingoja kilele hicho. Mwaka 2013 wakawapa watu nyimbo ambazo hawajawahi kuzisikia na kuwataka waseme wako tayari kuzinunua kwa fedha kiasi gani. Kadiri sehemu ya ubongo inayohusika na malipo ya raha ilivyoshirikiana na sehemu za kusikia, ndivyo mtu alivyokuwa tayari kutoa zaidi. Kwa hiyo wimbo mpya hupimwa kwa ghala la zamani. Mashabiki wawili wenye maghala tofauti hawawezi kupima sawa.

Kuna na suala la kurudia. Mwaka 1968 Robert Zajonc, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba kitu kisichokuwa na maana yoyote kwa mtu huanza kupendwa kwa kuonekana mara nyingi tu. Daniel Berlyne naye, katika kazi yake ya 1971, alisema kilicho rahisi mno hutuchosha na kigeni mno hutufukuza, na raha iko katikati. Kurudia husogeza kigeni kuelekea katikati hiyo, na kilicho rahisi hukisukuma kwenye uchovu. Ndiyo maana wimbo uliokupendeza siku ya kwanza waweza kukuchosha mwezi wa pili, na ule ulioukataa ukakuganda. Nyimbo za Human After All zilihitaji kusikika tena, tena pembeni ya nyimbo ambazo watu walikuwa wanazijua.

Nionavyo mimi, makundi ya watu wawili wa muziki wa kielektroniki huwagawa watu zaidi. Kwa nini? Culture Musical Club ina wapigaji wengi; mmoja akiondoka, sauti ya chama haipotei. Mwimbaji wa pekee ana koo lake, na hilo halibadiliki hata akibadilisha wapigaji wote. Watu wawili na mashine zao hawana kinga hiyo. Wakiweka sintesaiza moja, yaani mashine ya kutengeneza sauti, pembeni na kuchukua nyingine, wamebadilisha okestra nzima kwa siku moja. Daft Punk hata uso hawakuonyesha. Shabiki alikuwa na sauti ya mashine peke yake ya kushika.

Linganisha na Waingereza wawili, Pet Shop Boys. Mwaka 2002 walitoa Release, iliyojaa magitaa, mengi yakipigwa na Johnny Marr, na waliokuja kwa ajili ya dansi wakanuna. Mwaka 2012 wakatoa Elysium, ya polepole, malalamiko yakarudi, na mwaka uliofuata Electric ikawarudisha watu kwenye dansi. Ila muda wote huo sauti ya mwimbaji wao, Neil Tennant, ilikuwa pale, nyembamba, yenye utulivu, anayeijua huitambua kwa neno moja. Huo ulikuwa mkono wa kushikia ambao Daft Punk hawakuwa nao.

Simu nazo zimezidisha haraka ya hukumu. Zamani aliyenunua kaseti Darajani alikuwa ametoa fedha zake, akaisikiliza pande zote mbili wiki nzima, apende asipende, na katika kurudia huko sikio likapata nafasi. Sasa Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukipita sekunde 30, na kidole kimekwisha kugusa unaofuata. Hukumu ya asubuhi ya kwanza hutolewa na watu ambao hawajaimaliza albamu, nami siioni kuwa hukumu ya kweli.

Daft Punk walitangaza kuachana Februari 2021. Novemba 2023 Random Access Memories ikatolewa upya ikiwa haina ngoma kabisa: nyimbo zilezile, waimbaji walewale, mapigo yameondolewa. Kwa swali letu hili hakuna jaribio zuri zaidi. Sikiliza Get Lucky wa 2013 kisha usikilize huo usio na ngoma. Ukiona wimbo umekufa, ngoma ndiyo uliyokuwa umeishika. Ukisikia gitaa la Rodgers limekaribia na sauti zimepata nafasi ambazo hukuwahi kuziona, ulikuwa umeshika kwingine. Mpe na mwenzako wa barazani asikilize, mwambie asikuambie neno mpaka wimbo uishe.