Ni paka tu

"Picha inajieleza," husema watu. Haijielezi. Jumanne moja niliweka kwenye grupu la familia picha ya paka mnene aliyelala chali juu ya kochi, nikaandika chini yake: "Siku ya tatu, jembe liko wapi?" Binamu zangu wa Kisauni walicheka mpaka usiku. Ami, aliyekuwa kwetu Majengo tangu Jumapili, alifunga mkoba kabla ya alasiri. Nilisahau kwamba naye yumo grupuni.

Methali ya mgeni na jembe sikuiandika. Kila mmoja aliikamilisha mwenyewe kichwani, na mgeni akaikamilisha kwa uchungu. Asiyeijua methali angeona paka amelala, basi. Meme, yaani picha ya utani yenye maneno kama hiyo yangu, huacha nusu ya maana kwa mpokeaji: anajua nini, yuko katika hali gani, na nani mwingine anatazama.

Kuna wanaodhani huu ni utoto ulioletwa na simu. Neno meme alilibuni mwanabiolojia Richard Dawkins katika kitabu chake cha 1976, akilifupisha kutoka neno la Kigiriki la kitu kinachoigwa. Alikusudia wazo, wimbo au mtindo unaohama kichwa hadi kichwa kwa kuigwa. Mombasa hatukumngoja. Nenda Mtaa wa Biashara umtazame mwanamke akichagua leso: pindo atalisifu, mji, yaani sehemu ya katikati, atautazama, lakini pesa hazitoki kabla hajasoma jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Mpe shoga yako aliyedanganywa na mchumba, ni pole. Jifunge upite nayo mlangoni kwa mke mwenza, ni vita, na herufi haikubadilika hata moja. Akikuuliza, unamjibu: "Mie nimependa rangi tu."

Nami nilijitetea vivyo hivyo kwa ami: ni paka tu. Alinijibu kwa emoji moja, viganja viwili vilivyounganishwa. Hadi leo sijui ni shukrani, dua au kwaheri. (Emoji nayo watu huihusisha na neno la Kiingereza la hisia. Ni Kijapani: e ni picha, moji ni herufi.)

Kwa michezo ya kompyuta, wazazi huogopa damu na bunduki, kana kwamba maana yote iko kwenye picha. Mimi naona maana iliyo nzito imejificha kwenye kanuni za mchezo. Chukua Papers, Please, mchezo wa Lucas Pope wa 2013. Wewe ni mkaguzi wa pasipoti mpakani. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowakagua, ukikosea mara kwa mara unakatwa, na nyumbani wanasubiri kodi, chakula na dawa. Hakuna anayekuhubiria jinsi karani anavyopoteza huruma. Baada ya muda unajikuta unamrudisha mtu kwa tarehe moja iliyokosewa, tena kwa haraka, maana foleni ni ndefu.

Wachezaji wa bao, hili haliwashangazi. Kwenye drafti, kete ikiliwa hutolewa nje. Kwenye bao la Kiswahili, katika kete zote 64, hakuna inayotoka mchezoni: unazokula unazigawa kwenye mashimo ya upande wako, nazo zinarudi kumla aliyekuwa mwenye kete hizo. Mpwa wangu wa miaka tisa alinifunga juzi kwa kete zangu mwenyewe. Alipokuwa akizikusanya, akaniuliza babu yake atakuja tena lini.