Fasihi pendwa maana yake nini?

Neno lenyewe linajieleza: pendwa ni inayopendwa. Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili hulitumia kwa riwaya za upelelezi, ujasusi, mapenzi na vitisho, zile ambazo mtu huzisoma bila kulazimishwa na mtihani. Upande wa pili wameweka riwaya dhati, zile zinazohesabiwa kuwa nzito. Tatizo linaanzia hapo, maana ukishaiita hii dhati, ile nyingine umeihukumu kabla hujaifungua.

Kwa haki, "pendwa" inaeleza jinsi kitabu kinavyomshika msomaji. Ubora ni suala jingine. Mohamed Said Abdulla alituletea Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja na kiko chake mdomoni. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960, kilitokana na hadithi iliyoshinda shindano la uandishi, na Kiswahili chake mpaka leo ni darasa. Ni hadithi ya upelelezi, basi ni pendwa. Nani atathubutu kuiita duni?

Tena chukua Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha 1974. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na jasusi Willy Gamba anatumwa kupambana na maadui wa harakati hizo hizo. Nakala niliyoazimwa haikuwa na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mweusi, na masharti yalikuwa usiku mmoja tu, asubuhi kirudi, kuna mwenzio anangoja. Nilisoma kwa kibatari mpaka macho yakawasha. Habari za wapigania uhuru nilizipata kwa Gamba kabla mwalimu wa historia hajafika huko. Ndiyo maana nikisikia "hizo ni za kuburudisha tu" huwa nauliza hiyo "tu" imetoka wapi.

Wahakiki wana hoja pia, siwakatalii. Katika nyingi ya riwaya hizi shujaa hakosei shabaha, wanawake wamewekwa kama pambo au mtego, na fumbo hufumbuliwa kwa bahati. Hayo yasemwe, tena kwa ukali. Ila ni kasoro za kitabu hiki au kile, zenye ukurasa wa kuonyesha kwa kidole, na riwaya dhati nazo zinazo za kwao: wahusika wanaohutubia sura nzima, kisa kisichosogea.