Discworld: anzia kwa askari, si kwa kitabu cha kwanza

Nafundisha fasihi, na katika fantasia ya vichekesho hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: Discworld ya Terry Pratchett nianzie wapi? Ni mfululizo wa riwaya 41 zinazotokea katika dunia moja ya kubuni. Ya kwanza, The Colour of Magic, ilitoka 1983, na ya mwisho, The Shepherd's Crown, ilitoka 2015, miezi michache baada ya mwandishi kufariki. Mtu akiiona rafu nzima anachukua namba moja, akifika katikati anaiweka chini na harudi tena. Simlaumu.

The Colour of Magic kinawatania waandishi wengine wa fantasia. Mashujaa wenye mapanga, wapanda majoka, miji ya wezi: utani wake unamnogea aliyekwisha kumsoma Robert E. Howard, Fritz Leiber na Anne McCaffrey. Vijana wengi wa Uingereza wa miaka ile walikuwa wamewasoma. Msomaji wa kwetu aliyekulia kwa Abunuwasi na visa vya majini anaona tu watu wanakimbizana. Isitoshe, kisa kinakatikia pabaya, na ili kujua kilichofuata unahitaji The Light Fantastic cha 1986.

Baadaye Pratchett aliacha kuvicheka vitabu akaanza kuzicheka taasisi: polisi, posta, benki, magazeti, dini. Hizo sote tunazijua. Ndiyo maana nasema anza na Guards! Guards! cha 1989.

Kapteni Sam Vimes, mkuu wa lindo la usiku katika jiji la Ankh-Morpork, tunamkuta amelewa, kalala mtaroni. Lindo lenyewe limebaki na watu wa kuhesabika kwa vidole, kwa sababu wizi umehalalishwa: wezi wana chama chao, na mwizi wa chama akishakuibia anakuachia risiti. Hapo anaingia Carrot, kijana aliyelelewa na mbilikimo, amekisoma kitabu cha sheria na anaamini kila neno lake. Anakwenda kumkamata mkuu wa chama cha wezi. Ukiwa umewahi kumwona askari mgeni kazini akitaka sheria ifuatwe kama ilivyoandikwa, huhitaji kufafanuliwa.

Kinachofuata katika vitabu vya askari hawa, Men at Arms (1993), kina ukurasa ninaousoma darasani kila mwaka. Vimes anapiga hesabu ya buti. Jozi nzuri ni dola 50, na yeye mshahara wake wa mwezi ni dola 38. Ananunua za dola 10, zinavuja baada ya msimu mmoja au miwili, ananunua nyingine. Miaka kumi baadaye tajiri bado anazivaa zile zile za dola 50, na maskini ametumia dola 100 huku miguu imelowa. Sijaona maelezo mafupi na ya haki kuliko haya kuhusu gharama ya kuwa maskini, na yamo ndani ya kitabu cha kuchekesha!

Ukishawapenda askari hawa, fuata vitabu vyao kwa mpangilio hadi Night Watch (2002), ambacho kwangu ndicho bora kuliko vyote. Usikirukie. Uzito wake unatokana na kumjua Vimes tangu mtaroni.

Anayetaka kimoja tu nampa Small Gods (1992), ambacho kinajitegemea kabisa. Mungu Om anakusudia kurudi duniani kwa utukufu, anajikuta kobe. Kanisa lake ni kubwa na lina watesaji wake, lakini anayemwamini yeye mwenyewe amebaki mmoja, kijana Brutha. Nimewapa wacha Mungu kitabu hiki bila wasiwasi, maana hasira yake ni kwa wanaotesa watu kwa jina la imani.

Kiingereza kikikutisha, Mort (1987) ni chepesi: kijana anakwenda kujifunza kazi kwa Mauti, ambaye husema kwa HERUFI KUBWA bila alama za kunukuu. Vitabu vingi vya Discworld havikugawanywa katika sura, kwa hiyo chagua mwenyewe pa kupumzika. Tanbihi zisome papo hapo, kwa kuwa nusu ya kicheko imo humo. The Shepherd's Crown kiache hadi uwe umemaliza vile vinne vilivyotangulia vya Tiffany Aching, mchawi kijana, pamoja na vile vya wachawi wakubwa.