Mtoto wa Mbwa wa Kulinda Kuku: Ukali Si Sifa ya Kutafuta

Karibu kila mfugaji wa kuku anayenijia kutaka ushauri kuhusu mbwa wa shamba, awe ametoka Njoro, Subukia au Rongai huku Nakuru, huanza kwa ombi lile lile: "Daktari, nitafutie mtoto wa mbwa aliye mkali kuwashinda ndugu zake wote." Ombi hili limenichosha, kwa sababu ninajua linakoishia. Miezi michache baadaye huitwa tena shambani, nikakuta mizoga ya kuku imetapakaa uani, na mwenye mbwa amekwisha kata shauri kwamba mnyama huyo lazima auawe.

Ukali wa kumzuia mgeni langoni na ulinzi wa kuku ni kazi mbili tofauti. Raymond Coppinger na mkewe Lorna, waliowachunguza mbwa walinzi wa mifugo huko Marekani kuanzia miaka ya 1970, walimpima mbwa wa namna hii kwa mambo matatu: asiwadhuru wanyama anaowalinda, apende kukaa karibu nao, na amkabili mvamizi. Ujasiri wa kumkabili mvamizi hauna faida yoyote kwa mfugaji ikiwa mbwa mwenyewe ndiye anayewamaliza kuku kabla nguchiro hajafika.

Uwindaji wa mbwa hufuata hatua zinazojulikana: hukaza macho, hunyatia, hukimbiza, hukamata, kisha huua. Kuku anayepiga mabawa na kukimbia ovyo huamsha hatua hizo haraka kuliko kondoo au mbuzi. Watoto wa mbwa wanaosifiwa sokoni kuwa wakali mara nyingi ni wale ambao hatua hizi zimekwisha jitokeza mapema na kwa nguvu. Ndiyo maana pia ninawaonya wafugaji wanaokimbilia German Shepherd. Mbwa huyu alisajiliwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz kutokana na mbwa wa kuswaga kondoo, na mbwa wa kuswaga huchaguliwa kwa ajili ya wepesi wake wa kufuata kinachokimbia. Ni mbwa hodari, na wapo waliolelewa vizuri wakaishi na kuku bila tatizo, lakini anayemnunua kwa kazi hii anaanza na mbwa ambaye maumbile yake yanamvuta upande mwingine.

Mama mmoja kutoka eneo la Bahati aliponiomba niende naye kuchagua mtoto wa mbwa, nilimsihi kwanza tusimguse mtoto yeyote. Tulimwomba mwenye mbwa alete kuku mwenye vifaranga ndani ya ua, nasi tukakaa kando tukitazama. Mmoja wa watoto wale aliinamisha kichwa, akakaza macho, akanyanyua mguu mmoja wa mbele na kubaki hivyo, mkia umenyooka bila kutikisika. "Huyu ndiye, daktari, ana macho," akasema. La, mama, huo ni mnyatio kamili, na mtoto wa wiki nane anayeweza kusimama hivyo mbele ya kifaranga ndiye wa kumwacha. Mwingine alisogea polepole akinusa chini, akadonolewa puani, akarudi nyuma, akageuza uso pembeni, kisha akalala chini hatua chache kutoka kwa kuku yule kana kwamba hamwoni. Huyo wa pili ndiye tuliyemchukua. Kugeuza uso, kulala chini na kukubali kudonolewa bila kulipiza ndizo ishara ninazozitafuta. Hata hivyo simchukui mwoga anayekimbilia uvunguni akisikia mlango ukibamizwa, kwa kuwa mwoga huuma kwa hofu.

Lipo jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usitoe pesa kabla hujamwona mama ya watoto hao akiwa katikati ya kuku. Mama anayepita kati ya kuku bila kuwaangalia anakuambia mengi kuliko karatasi yoyote ya ukoo, kwani tabia kwa sehemu hurithiwa, na wanawe wamekulia mahali ambapo kuku ni jirani wa kila siku. Muuzaji wa kando ya barabara mwenye watoto ndani ya boksi, bila mama, hana cha kukuonyesha. Mara nyingi pia watoto hao wametengwa wakiwa na wiki nne au tano, kabla hawajajifunza kwa ndugu zao kupunguza nguvu ya kuuma. Subiri afikishe wiki nane.

Dhana ya pili kwa madhara ni kwamba mtoto wa mbwa akitupwa bandani "atajua kazi mwenyewe." Kati ya wiki ya tatu na takribani ya kumi na nne, mbwa huwazoea viumbe anaowaona kila siku, kwa hiyo ni kweli kwamba alazwe karibu na kuku. Lakini alazwe nyuma ya wavu, na aingie kwao akiwa na mtu na kamba shingoni. Kipindi kigumu huja baadaye, kati ya mwezi wa tano na mwaka mmoja, mbwa anapokuwa na nguvu za mtu mzima na akili ya mtoto. Humkimbiza kuku kwa mchezo, kuku hufa, na mwenye shamba hudhani amefuga muuaji. Ongeza usimamizi badala ya kumfukuza. Usimwache peke yake na kundi kabla ya mwaka mmoja na nusu, na wengine huhitaji miaka miwili kamili. Asiye na subira hiyo anunue wavu imara aache mbwa.

Dhana nyingine potofu nitazipitia haraka. Kumfunga mbwa mzoga wa kuku shingoni hakumfundishi chochote, kwa kuwa hawezi kuunganisha adhabu ya siku tatu na kosa la dakika moja. Humtesa tu na kumzoesha harufu ya uozo. Kumlisha pilipili au kumfungia gizani humfanya awe na hofu na maumivu, na mbwa mwenye hofu hachagui wa kumuuma. Kumlisha nyama iliyopikwa hakumwachishi mbwa uwindaji, maana mbwa aliyeshiba hukimbiza sawasawa na mwenye njaa. Jike hulinda sawa na dume. Kuhasi hakuondoi ulinzi, bali hupunguza kutangatanga.

Wapo wanaoamini kwamba kazi hii haiwezekani bila mbwa wa kigeni wa bei ghali. Ni kweli kwamba huko Namibia shirika la Cheetah Conservation Fund limewapa wafugaji mbwa wa asili ya Uturuki tangu mwaka 1994. Huko Warrnambool, Australia, mbwa aina ya Maremma walipelekwa mwaka 2006 kuwalinda pengwini wadogo dhidi ya mbweha, na wazo hilo lilitoka kwa Allan Marsh, mfugaji wa kuku aliyekuwa akiwatumia mbwa hao shambani kwake. Lakini nchini Botswana mbwa wa kienyeji hulinda mbuzi vizuri, na hapa Nakuru ninawajua mbwa wa kienyeji wanaolala katikati ya kuku hadi alfajiri. Mbwa wa kienyeji aliyetulia, mwenye mama aliyetulia, ni chaguo langu la kwanza kwa mfugaji mdogo.

Mwisho, mbwa hachukui nafasi ya banda. Atabweka mwewe akizunguka juu na atamtimua nguchiro mchana, lakini nyegere hung'oa mbao usiku, na kicheche hupenya tundu dogo kimya kimya. Kuku walale ndani, mlango ufungwe. Na kwa kuwa mbwa huyu ndiye atakayepigana na nguchiro na mbweha, wanyama wanaoweza kubeba kichaa cha mbwa, apewe chanjo ya ugonjwa huo akifikisha miezi mitatu na irudiwe kila mwaka. Chanjo za parvo na distempa, magonjwa hatari ya virusi kwa mbwa, huanza mapema zaidi, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki kumi na sita. Muulize muuzaji ni zipi zimekwisha kutolewa, nawe udai kadi yenye tarehe.