Simu kwa amplifaya ya gari bila redio: yenye watu husema na venye mambo iko

Ukinunua gari imetoka Japani, hizi Vitz na Probox zimejaa kila pakingi ya Nairobi, kitu ya kwanza kukukasirisha ni redio. Inakuongelesha Kijapani, inataka kadi ya ramani ya huko kwao, na FM yake mara nyingi inaanza 76 inaishia 90 na huku kwetu stesheni zinaanza 87.5 zinaenda hadi 108, so unabaki na stesheni mbili tatu za kuvumilia kwa jam. Yangu ilikuwa hivyo hivyo na haikuwa hata na shimo ya aux. Nikasema wacha niruke redio kabisa, nitoe mziki kwa iPod yangu ya zamani (siku hizi ni simu) moja kwa moja hadi kwa amplifaya iko chini ya kiti. Kila mtu nilimwambia hiyo plan alikuwa na sababu yake ya kunikataza, na karibu zote zilikuwa za uongo, shida tu ni kwamba zile hatari za kweli hakuna mtu alinitajia.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Bosi, hiyo amplifaya itakuchomea simu, ni ya wati 2000, simu haiwezi isukuma." Hapo kuna makosa mawili kwa sentensi moja. Simu haisukumi amplifaya. Nguvu ya kupiga spika inatoka kwa betri ya gari kupitia ile waya nono, kazi ya simu ni kuonyesha njia tu. Iafoni (zile spika ndogo za masikio) za kawaida ni kama om 32, na mlango wa RCA wa amplifaya (zile tundu mziki unaingilia) ni om elfu kumi ama zaidi, maana yake amplifaya inavuta kidogo mara mia tatu hivi kuliko hizo iafoni unavaa kwa matatu kila asubuhi. Kwa simu ni kama haijabeba kitu.

Na hiyo wati 2000 pia, hebu angalia fyuzi zake. Ikiwa na fyuzi mbili za ampea 25, hiyo ni ampea 50, piga mara volti 13.8 unapata wati 690 zinazoingia, na kama ni zile za kawaida za klasi AB basi karibu nusu inaishia kuwa joto. Kwa spika zinafika kama 350 ama 400 hivi, zile zingine ni rangi tu kwa boksi.

Ya pili ni ati sauti itakuwa chini sana. Hii iko na ukweli kidogo. Simu ikiwa imefunguliwa mwisho inatoa kama volti nusu hadi moja, na redio nzuri ya kununua inatoa volti 2, zingine 4. Lakini amplifaya nyingi zinakubali kuanzia volti 0.2 hadi 6 hivi na ile nobu imeandikwa GAIN ndiyo ya kuiambia ni kiasi gani kinaingia. Sasa hapa ndipo watu huharibu vitu, juu wanadhani GAIN ni volyumu. Si volyumu! Ni ya kulinganisha amplifaya na chenye umeiunganishia. Anza ikiwa chini kabisa, weka simu karibu asilimia 80, alafu pandisha polepole hadi uskie mziki unaanza kukwaruza, rudi nyuma kidogo, uache hapo na usiiguse tena. Kuanzia hapo volyumu yako ni simu peke yake. Gharama yenye utalipa ni kwamba volti kidogo inataka GAIN juu, na GAIN ikiwa juu utaskia "shhhh" kidogo kati ya nyimbo. Kwa Thika Road na madirisha wazi hutaiskia hata.

Kuna pia wale husema bila redio amplifaya haiwezi kuwaka. Ni kweli haitawaka yenyewe, lakini haidai redio, inadai volti 12 kwa ile tundu imeandikwa REM. Kazi yake kwa kawaida inafanywa na ile waya ya buluu yenye mstari mweupe nyuma ya redio. Kama huna, tafuta na testa waya inapata umeme ukizungusha ufunguo hadi ACC na inakufa ukiutoa, weka fyuzi ndogo ya ampea moja na ukitaka swichi pia, alafu peleka REM. Njia ya mkato yenye nimeona mara mingi ni kuunganisha REM na positive ya betri pale pale kwa amplifaya, na kweli mziki unapiga vizuri sana, lakini amplifaya hailali. Ikivuta hata ampea moja tu bila mziki, na betri yako ni ile ndogo ya NS40 yenye ampea-saa 35 hivi, ukiiacha Ijumaa jioni Jumapili asubuhi ukitaka kwenda kanisa unaomba majirani wakusukume.

Sasa ile kelele. Umeunganisha, mziki ni msafi, alafu unachomeka chaja ya simu kwa laita na injini iko on, unaskia "wiiiiii" inapanda ukikanyaga mafuta na inashuka ukiachilia. Watu watakuambia amplifaya ni feki ama altaneta imekufa. Hapana, ni kwa sababu simu sasa imeshikana na bodi ya gari njia mbili, moja kupitia chaja na ingine kupitia waya ya RCA, na uchafu wa altaneta unapita hapo katikati. Toa chaja, ikinyamaza umejua. Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, wanauza kasanduku kadogo ka kuweka katikati ya waya, ndani kuna transfoma mbili ndogo zinapitisha mziki bila kushikanisha bodi, zile za bei rahisi hula besi kidogo lakini kelele inaisha.

Chenye hufai kufanya ni kutoa ama kulegeza waya ya bodi ya amplifaya ati ndio kelele iishe, na hii nimeambiwa na mtu ameshika pulaiza mkononi. Hiyo waya ndiyo njia ya umeme wote kurudi. Ikilegea, ule umeme unatafuta njia ingine, na njia iko karibu ni ile ganda ya waya ya RCA, kupitia simu yako, kupitia chaja, hadi kwa bodi. So simu huchomwa, ndiyo, fundi wa kwanza hakukosea yote, lakini inachomwa na nati moja chini ya kiti yenye ilikazwa juu ya rangi. Kwangura hiyo rangi hadi uone chuma kinang'aa, kaza, alafu vuta na mkono uone.

Na kama unapiga sub (ile spika kubwa ya besi) peke yake usichukue zile waya za kufunga kushoto na kulia pamoja upande wa simu, hiyo inafanya milango miwili ya simu ipigane. Peleka zote mbili, amplifaya nyingi za sub zitachanganya zenyewe ndani, na ile LPF, nobu ya kupitisha besi tu, uiweke karibu 80 Hz.

Yenye mimi mwenyewe nilijifunza vibaya ni pini ya 3.5mm, ile inaingia kwa shimo ya iafoni ya simu. Ukiichomoa ama kuichomeka amplifaya ikiwa on, vile vyuma vyake vinagusana vikipita na spika zinapiga "PAA" ya nguvu zote. Fungua simu kwanza amplifaya mwisho, ukizima anza na amplifaya. Mimi nilichomoa juu nilikuwa nimepigiwa simu na mlio ulikuwa unatoka kwa spika zote gari nzima, nikashtuka nikavuta. Ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ya kushoto, haijawahi ongea tena.