Hermitage: Jumba Lililozaliwa Upya kwa Moto

Anayeingia Hermitage, makumbusho yaliyoko mjini St. Petersburg, Urusi, huambiwa kwamba jengo lake kuu, Jumba la Majira ya Baridi, ni kazi ya msanifu Bartolomeo Rastrelli, lililoanza kujengwa mwaka 1754 na kukamilika 1762. Kwa sura ya nje ni kweli. Ila mimi ni mhifadhi wa majengo ya kale, na nikilieleza jumba hili huanzia moto wa Desemba 1837, maana vyumba vingi vya ndani tunavyovistaajabia leo vimetokana nao.

Kilichoponza ni kuta za uongo. Katika Ukumbi wa Majemadari, mbao zilipigiliwa mbele ya ukuta wa matofali, pakabaki uwazi katikati, na tundu la bomba la moshi halikuzibwa. Moto ukatambaa humo bila kuonekana mpaka ukafika darini, kwenye mbao zilizokauka miaka na miaka. Askari walitoa picha na samani wakazirundika thelujini uwanjani, zikiwemo picha za majenerali wa vita vya 1812 dhidi ya Napoleon, zaidi ya 300, alizochora George Dawe. Njia za kuelekea jengo jirani la Hermitage zilibomolewa na matundu yakazibwa kwa matofali. Ndivyo ulivyonusurika mkusanyo ambao Malkia Catherine wa Pili aliuanza mwaka 1764.

Wasanifu Vasily Stasov na Alexander Bryullov walilifufua jumba kwa muda mfupi ajabu. Kufikia 1839 familia ya kifalme ilikuwa imerudi. Kenchi za mbao zilipisha chuma. Bryullov akabuni Chumba cha Malakaiti, kwa jiwe la kijani kutoka milima ya Ural, la jamii ile ile wanayoijua vizuri wenyeji wa Katanga. Nguzo zake si malakaiti tupu. Mafundi walipasua jiwe vipande vyembamba vya milimita chache, wakavigandisha juu ya kiini cha jiwe jingine huku wakifuatanisha mistari yake, kisha wakasugua mpaka maungio yakapotea. Ninaiheshimu sana kazi ile.

Katika Chumba hicho cha Malakaiti ndimo Serikali ya Muda, iliyoshika madaraka baada ya mfalme kuondoka, ilimokuwa ikikutana mwaka 1917, na mawaziri wake walikamatwa na Wabolsheviki katika chumba kidogo cha kulia chakula kilicho jirani. Siku chache baadaye jumba likatangazwa kuwa makumbusho ya taifa. Umma ulikwishaanza kuona picha tangu 1852, lakini katika jengo la Hermitage Mpya, pembeni.

Dola hiyo hiyo ya Wabolsheviki ndiyo iliyomuuzia tajiri wa Marekani, Andrew Mellon, michoro 21 mwaka 1930 na 1931, ikiwemo miwili ya Raphael. Siioni sababu inayotosha kuhalalisha hilo. Leo imo Washington.

Ukibahatika kufika, tulia kwanza kwenye Ngazi za Jordan, ngazi kuu za jumba. Stasov aliziacha karibu na alivyozichora Rastrelli, ila nguzo za itale ya kijivu ghorofani ni zake mwenyewe.